Gereji inayopima kabla ya kuuza: breki zilizotikisa usukani kwenye barabara ya Likasi

Gari langu ni Toyota Corolla yenye usukani wa kulia, iliyoingia nchini kupitia mpaka wa Kasumbalesa, kutoka Zambia, kama magari mengi ya hapa Lubumbashi. Kwa muda wa miezi saba usukani wake ulikuwa ukitetemeka kila nilipokanyaga breki nikiwa kwenye mwendo wa kilomita 90 kwa saa au zaidi. Chini ya 60 ulitulia kabisa, kiasi kwamba mtu anayezunguka kati ya Kamalondo na katikati ya mji asingejua kuwa kuna jambo. Mimi huenda Likasi mara mbili kwa mwezi, kilomita zipatazo 120, nyuma ya malori ya shaba, na mwenye usukani wa kulia katika nchi ambayo magari hupita upande wa kulia haoni yaliyo mbele ya lori mpaka achungulie kwa nusu ya gari. Hapo ndipo breki hukanyagwa kwa nguvu, na hapo ndipo mikono yangu ilipokuwa ikicheza kama ya mtu anayechekecha unga wa bukari.

Kabla ya kufika kwenye gereji ninayoieleza hapa nilikuwa nimekwisha kulipa kwingine mara mbili. Fundi wa kwanza hakufungua hata gurudumu; alisema disiki, yaani sahani za chuma zinazozunguka na magurudumu, zimepinda kwa joto, akaniuzia disiki mpya na plaketi zake, vile vipande vinavyozibana breki ikikanyagwa, na kweli nilipata amani kwa kilomita 5,000 hivi kabla mtetemo haujarudi. Wa pili alinifanyia balansi ya magurudumu, kazi ambayo haikuhusiana na ugonjwa wangu, kwa sababu gurudumu lisilo na balansi hutikisa gari hata kama mguu uko mbali na breki.

Gereji yenyewe iko Kampemba, haina kibao, ina lango la bluu na matairi mawili yaliyozikwa nusu mlangoni. Uchunguzi hulipiwa peke yake, dola 25, hata usiponunua kipuri chochote, na nakiri kwamba bei hiyo iliniudhi nilipoisikia. Mkubwa wa gereji alianza kwa maswali: Je, unaotetemeka ni usukani, au kiti, au kanyagio? Usukani ukicheza, mashaka ya kwanza huelekea magurudumu ya mbele. Kiti na sakafu vikitikisika, hutazamwa nyuma. Kisha tulitoka pamoja kwenye barabara ya uwanja wa ndege wa Luano, na mahali palipokuwa peupe, bila gari nyuma yetu, akavuta breki ya mkono polepole huku amebonyeza kitufe chake ili isijifunge. Gari likapunguza mwendo bila kutikisika, naye akaziondolea lawama ngoma za breki za nyuma, ambazo ndizo breki ya mkono huzifunga. Jaribio hilo si la kuigwa wakati wa mvua wala kwenye msongamano.

Tuliporudi alipandisha gari, akatikisa kila gurudumu kutafuta ulegevu wa beringi na viungo vya usukani, akaona viko imara. Ndipo akavua gurudumu la kushoto, akaibana disiki kwa nati zote pamoja na washa, na kuweka ubavuni mwake kipimo chenye mshale kama wa saa, cha kuonyesha inavyoyumba. Akazungusha disiki kwa mkono, taratibu, nami nikaona mshale ukienda na kurudi kwa milimita 0.12, wakati kiasi kinachovumiliwa kwenye magari mengi madogo ni kama 0.05. Baada ya hapo akapima unene kwa maikromita katika sehemu nane za duara, akiandika kila tarakimu kwa chaki kwenye sakafu. Kati ya sehemu nene kuliko zote na iliyo nyembamba kuliko zote palikuwa na tofauti ya milimita 0.03, kitu chembamba kuliko unywele.

Alipoing'oa disiki, jibu lilikuwa mbele ya macho yangu. Uso wa kitovu cha gurudumu, ambao mafundi wetu huuita mwaye, ulikuwa na magamba ya kutu yaliyoshikana na udongo mwekundu upande mmoja tu. Akaniambia: “Papa, disiki njo inalia, lakini mugonjwa ni mwaye.” Disiki mpya ilikuwa imewekwa juu ya kutu, ikakaa upande, na kwa hiyo kila mzunguko ilikuwa ikigusa plaketi kidogo mahali palepale hata nilipokuwa sifungi breki. Mguso huo mdogo, ukirudiwa kwa maelfu ya kilomita, hula chuma sehemu moja na kuiacha nyingine. Na disiki yenye unene usio sawa husukuma plaketi nyuma na mbele kila inapozunguka, mpaka usukani ukacheza. Ndiyo maana ubaya haukuonekana siku ya kwanza, na ndiyo maana fundi aliyeniuzia disiki angeweza kuapa kwamba aliniachia gari zima.

Alisugua kitovu kwa brashi ya waya na msasa mpaka kikang'aa, akarudisha disiki, na mshale ukacheza milimita 0.04 tu. Kwa kuwa disiki zilikuwa bado nene kupita kiwango cha chini kilichochongwa ukingoni mwake, hakuniuzia nyingine, bali alizipeleka kukerezwa. Upande wa kulia alikuta pini moja ambayo kibano cha breki hutelezea juu yake imekauka, akaisafisha na kuipaka grisi ya breki. Nati alizikaza kwa mtindo wa msalaba, akitumia spana yenye kipimo cha nguvu ya kukaza iliyowekwa kwenye nyutoni mita 103, badala ya kuruka juu ya spana kwa mguu kama tulivyozoea kuona.

Lawama zangu ni mbili. Kazi niliyoahidiwa jioni ilikamilika siku ya pili saa nane mchana, kwa sababu mashine ya kukereza si yao na umeme ulikatika huko ilikopelekwa disiki. Na karatasi ya malipo nilipewa baada ya kuiomba mara tatu, bila vipimo vilivyoandikwa kwa chaki, ambavyo wakati huo vilikuwa vimefagiliwa. Anayekwenda huko apige picha ya sakafu.

Nilitakiwa kuzoesha breki kwa kushuka kutoka kilomita 60 hadi 20 kwa saa mara kumi, bila kusimama kabisa, kisha nirudi baada ya kilomita 100 nati zikaguliwe. Ukaguzi huo haukulipiwa. Tangu hapo nimekwenda Likasi na kurudi mara tisa.