Vigicrues: mwaka mzima nikiufuata mto Vidourle kutoka Bukavu

Mdogo wangu anaishi Sommières, mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa, anafanya kazi jikoni kwenye mkahawa ulio hatua chache kutoka mto Vidourle. Ndiye aliyenionyesha Vigicrues. Aliniandikia, akiniita Yaya kwa kuwa mimi ndiye mkubwa wake: "Yaya, ukisikia mvua kubwa huku, usianze kunipigia usiku. Angalia hapa kwanza." Mimi nafundisha jiografia katika sekondari moja ya Ibanda, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo. Mwanzoni nilikuwa naifungua kwa ajili yake tu. Siku hizi naifungua hata asubuhi ambayo najua yeye yuko salama kabisa.

Vigicrues ni huduma ya serikali ya Ufaransa ya kutahadharisha watu juu ya mafuriko ya mito. Inasimamiwa kutoka Toulouse na ofisi iitwayo SCHAPI, iliyoundwa 2003. Ukiingia unakuta ramani ya nchi, na mito imepakwa rangi nne: kijani, manjano, chungwa, nyekundu. Hulipi kitu. Ukigusa mto, vituo vya kupimia maji vinajitokeza; ukigusa kituo, grafu inafunguka na kukuonyesha kimo cha maji, na kwenye vituo vingi wingi wa maji yanayopita, ile débit, kwa mita za ujazo kwa sekunde.

Hiyo grafu ndiyo inayonifanya niisifu huduma hii. Rangi zinakuambia uogope au usiogope. Grafu inakufundisha tabia ya mto.

Na Vidourle una tabia zake. Unaanzia milima ya Cévennes na kuishia kando ya Mediterania, karibu na Le Grau-du-Roi, bila kufikisha hata kilomita 100. Ukishapita mji wa Saint-Hippolyte-du-Fort, mto unapotea. Nchi ile ni ya mawe ya chokaa yenye nyufa na mapango, maji yanazama ardhini, na kinachobaki juu ni kitanda cha mawe meupe kwa muda mrefu wa mwaka. Maji yanatokea tena Sauve, chini ya mji, kana kwamba mto umezaliwa mara ya pili. Mdogo wangu alinitumia picha aliyopiga mwezi wa nane: amesimama katikati ya mto na viatu vyake vikavu, nyuma yake daraja refu, chini ya daraja hakuna hata tone. Nilipoionyesha darasani, kijana mmoja wa mstari wa mbele akauliza, "Prof, sasa hii mto iko wapi?" Swali zuri kuliko yote niliyopata mwaka ule. Tulikaa nalo siku mbili.

Mtoto wa Bukavu amekua akiuona Ruzizi, na Ruzizi haukauki. Nyuma yake kuna Ziwa Kivu zima, linautolea maji kwa kipimo, kiangazi na masika. Ndiyo maana umeme wetu unatoka pale, kwenye mabwawa ya Ruzizi I na Ruzizi II. Vidourle hauna ziwa nyuma yake. Unaishi kwa mvua, na mvua ya kule haifuati kalenda yetu. Sisi tunangoja mvua irudi mwezi wa tisa, halafu inakaa nasi mpaka wa tano. Wao kiangazi chao ni cha joto kali, na grafu ya Sommières mwezi wa saba na wa nane inalala kama kamba iliyoanguka chini, haifiki hata mita moja ya ujazo kwa sekunde. Mwezi wa tisa ukiingia, bahari bado ina moto wa kiangazi. Upepo wa kusini unabeba mvuke, unaukokota hadi Cévennes, mlima unausukuma juu, unapoa, na mvua inaanguka mahali pamoja kwa masaa. Wenyewe wanaiita épisode cévenol. Mafuriko yanayofuata yana jina lake pia, lililotokana na mto wenyewe: vidourlade. Mto uliopewa neno lake la mafuriko, mjue watu wake wameteseka nao tangu zamani.

Usiku mmoja wa vuli yao nilikuwa nasahihisha mitihani, nikaona Vidourle umegeuka chungwa. Nikafungua kituo cha Sommières. Ile kamba iliyokuwa imelala ilikuwa imesimama wima. Haikupanda kama mlima, ilipanda kama ukuta wa nyumba. Mdogo wangu hakupokea simu, na safari hii sikuhangaika, kwa sababu nilijua anafanya nini: yeye na wenzake walikuwa wanapandisha friji na magunia ya unga orofa ya juu. Asubuhi akanitumia sauti, anacheka kwa uchovu. Maji yaliishia mlangoni.

Sommières una daraja la Warumi la wakati wa Kaisari Tiberius. Mji umekua juu yake, nyumba zimefunika sehemu ya matao, kwa hiyo mto ukifura unarudi tu kuchukua nafasi yake ya zamani. Tarehe 8 na 9 mwezi wa tisa 2002, baadhi ya sehemu za jimbo la Gard, ambamo Sommières umo, zilipata zaidi ya milimita 600 za mvua kwa muda wa saa 24. Hapa Bukavu hiyo ni karibu nusu ya mvua yetu ya mwaka. Hapo Sommières zilipita zaidi ya mita za ujazo 2,000 kwa sekunde, kwenye mto ambao wiki chache nyuma mtoto angeuvuka akiruka mawe. Watu zaidi ya 20 walikufa katika jimbo lile. Upande wa juu wa mto kulikuwa tayari na mabwawa matatu ya kupunguza mafuriko, na bado maji yaliingia mjini.

Nikifundisha sehemu hii sauti yangu hubadilika, wanafunzi wanajua. Darasani mwangu wamo wenye jamaa Kalehe, kaskazini ya Bukavu kando ya Ziwa Kivu. Alhamisi tarehe 4 mwezi wa tano 2023 mito ilishuka juu ya Bushushu na Nyamukubi, watu zaidi ya 400 wakafa. Sitaki kusikia mtu akisema mito ile ilikuwa midogo. Vidourle nao ni mdogo.

Mapungufu yapo. Rangi inawekwa kwa kipande kizima cha mto, haisemi juu ya mlango wako. Vijito vingi vinavyoulisha mto havimo kwenye ramani ile kubwa, na mara nyingi balaa linaanzia huko. Maelezo yote ni ya Kifaransa cha kiofisi. Ukitaka takwimu za miaka ya nyuma unaenda kwenye tovuti nyingine, HydroPortail, nayo ni bure, ila utakutana na vifupisho kama QMNA5 ambavyo vilinichukua jioni nzima kuvielewa (ni kipimo cha maji ya kiangazi kikali, kile kinachotarajiwa mara moja katika miaka mitano). Upande wetu tatizo ni mega za intaneti: grafu nyingi zinakula haraka. Mimi nafungua kituo kimoja, napiga picha ya skrini, nazima data.

Kwa mwalimu, naipa nyota nne kati ya tano bila kusita. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya vile vijito.

Mwezi wa kumi wanafunzi wangu walichukua mwanzi, wakauchora alama kila sentimita kumi kwa rangi nyekundu ya kucha, wakausimika kwenye kijito kinachoshuka nyuma ya shule kuelekea ziwani. Mvua ya kwanza kubwa ilikuta maji kwenye alama ya pili. Kabla sijamaliza kuita majina yalikuwa kwenye ya saba, mekundu, yamebeba chupa za plastiki na sandali moja ya mtoto. Msichana anayeshika daftari aliandika saa na alama, akachora mstari wake, kisha akaomba simu yangu aulinganishe na ule wa Sommières.

Mkitaka kuifuata, ramani inafanywa upya angalau mara mbili kwa siku, saa nne asubuhi na saa kumi jioni kwa saa za Ufaransa. Wakati wa kiangazi chao saa zao ni sawa na zetu. Wakirudisha saa nyuma mwisho wa mwezi wa kumi, hapa Bukavu ingieni saa tano na saa kumi na moja.