Nimelipia mwaka mzima, fulana 60 ziko kwenye boksi

Nimekasirika, na naandika nikiwa bado na hasira.

Programu yenyewe ya kudizaini naipenda. Ndiyo inayonilisha tangu niache kazi ya stationari. Nililipia ya mwaka mzima kwa sababu moja tu: tangazo lao lilisema ukilipia unapata mamilioni ya picha "pamoja na leseni". Kwetu leseni ni ruhusa. Ukiwa na leseni ya biashara unafungua duka, ukiwa na ya udereva unaingia barabarani. Nikajua mambo yamekwisha.

Miezi michache iliyopita mama mmoja wa Unguja, anauzia watalii, akaniagiza fulana 60 zenye picha ya ngalawa na jua linazama. Nikachukua picha humo humo kwenye programu, nikaandika Zanzibar kwa chini, nikapeleka kwa fundi Kariakoo. Zikaprintiwa, zikakunjwa, kila moja ndani ya nailoni yake. Nilipomtumia dizaina mwenzangu picha ya mzigo, akapiga simu badala ya kujibu: "Kaka, leseni yako ya daraja gani? Daraja la pikipiki haliendeshi basi."

Ndipo nikayafungua masharti, yale maandishi ya kijivu chini ya picha ambayo usipokaza macho huyaoni. Leseni inayokuja na malipo yangu ni ya kawaida. Inaruhusu vipeperushi, matangazo, tovuti, mitandao, hadi nakala 500,000 za kuchapa. Laki tano! Mimi na fulana 60! Kumbe shida si wingi. Bidhaa inayouzwa, ambayo mnunuzi anaifuata kwa sababu ya ile picha, kama fulana, kikombe, kalenda au bango la ukutani, inataka leseni ya juu zaidi, na hiyo haimo.

Sawa, kosa la kutosoma ni langu. Nikawaandikia huduma kwa wateja kwa adabu zote: niuzieni leseni ya juu kwa picha hii moja, nitalipa. Kwanza ikajibu mashine. Nikasubiri karibu saa nzima akaja mtu, akaandika mstari mmoja: "Masharti uliyakubali ulipojiunga." Nikauliza tena, nikaeleza kwamba mzigo ushachapwa na mteja anasubiri. Akabandika kifungu kile kile nilichokwisha kukisoma, kisha kikatokea kisanduku: "Je, tumekusaidia? Tupe nyota."

Hata pole hakuna. Mtu akivunjikiwa na yai moja sokoni anaambiwa pole!

Niwe mkweli, kwa kazi za kawaida bado inalipa. Vipeperushi vya kanisa, menyu za migahawa, matangazo ya shule, vyote nimevifanya bila tatizo, na kununua picha moja moja kungenimaliza. Na masharti hayo hayo yaliniokoa: kuna mteja alitaka nembo ya kwenda kusajili BRELA, kwa wakala wa usajili wa biashara, nikaona kwamba picha ya humo haifai kuwa nembo, maana kila aliyelipia anaweza kuitumia na huwezi kuidai iwe yako peke yako. Nikamchorea upya. Angalieni pia picha zilizoandikwa "kwa uhariri tu". Hizo ni za habari na makala. Mara nyingi watu waliomo hawakusaini kutumika kwenye biashara, kwa hiyo usiziweke kwenye tangazo la sabuni.

Yule mama alinielewa kuliko wao. Mpwa wake akapiga picha ya ngalawa kwa simu kule Nungwi, akaniruhusu kwa maandishi, tukachapa upya kwa hela yangu. Picha ni nzuri hata kuliko ile ya kwanza, tanga lina kiraka chekundu.

Nilianza kuandika nikiwa na nyota tatu kichwani. Nikikumbuka ule mstari mmoja natoa mbili. Malipo yangu yanaisha mwezi ujao, na sijui kama nitayarudia.