Mpini wa Nyundo Nzito: Upi Ununue Mkono Usife Ganzi

Malalamiko ni yale yale, yatoke kwa mwashi wa Mji Mkongwe anayetindua ukuta wa mawe ili apitishe bomba, au kwa mama wa Pemba anayekaa kutwa akipiga kokoto: nyundo ni mpya, lakini mkono unakufa ganzi. Akirudi dukani anaambiwa nyundo ni nzito, achukue ndogo. Anachukua ndogo, sasa anapiga mapigo mengi zaidi kwa jiwe lile lile, na ganzi haiondoki. Kichwa cha nyundo kinasingiziwa bure. Penye kosa ni kwenye mpini, tena kwenye jambo ambalo muuzaji halitaji kabisa: umbo la mpini ukiutazama kwa upande wa kitako.

Uzito wa kichwa na urefu kila fundi anajua vya kwake, kwa hiyo sitakaa hapo. Ninakaa kwenye umbo, maana mipini ya duara imejaa madukani na inatuumiza.

Uso wa nyundo ukitua sawasawa juu ya tindo, nguvu inarudi kupitia mpini kwa mstari mmoja. Lakini jiwe letu ni la matumbawe. Lina matundu, na ndani yake mna sehemu ngumu zisizoonekana, kwa hiyo pigo moja linazama na la pili linateleza pembeni. Pigo likitua pembeni, kichwa kinajipinda na mpini unataka kuzunguka ndani ya kiganja. Mpini wa umbo la yai hauwezi kuzunguka, kwa sababu kiganja kinauzuia kwa ubapa wake. Wa duara hauna pa kuzuilika. Vidole vinalazimika kuukaba, na mkono unaokaba unapokea mtikisiko wote wa pigo mpaka kwenye kiwiko, wakati mkono ulioshika kwa wepesi unaupitisha kidogo tu. Huyo anayelalamika ganzi, mtazame vidole vyake akiwa kazini: kucha zimekuwa nyeupe kwa kukaba. Malengelenge kati ya kidole gumba na cha shahada yanatoka huko huko, mpini unasaga ngozi kila unapojizungusha.

Jaribio lake ni la nusu dakika na halina gharama. Fumba macho dukani, mwenzio auzungushe mpini mkononi mwako kisha auache. Ushike kama unayetaka kupiga, na useme uso wa nyundo umeelekea wapi. Ukishindwa kujua kwa kiganja peke yake, irudishe. Ukiwa na mpini mtupu usio na kichwa, ufanye vivyo hivyo na useme uso wa nyundo utaelekea upande gani. Upana mrefu wa yai lazima ufuate uelekeo wa kichwa, kutoka uso hadi kisogo. Ukikaa kinyume, mpini ni dhaifu pale pale panapopokea pigo.

Vipimo sasa. Kwa nyundo ya mkono mmoja, ya kilo moja mpaka mbili, mpini wa mtu mzima wa kawaida uwe na milimita 36 hadi 40 kwa upana mrefu na 26 hadi 30 kwa upana mfupi, na nyundo nzima iwe na urefu wa sentimita 25 hadi 28. Usipokuwa na kipimo, tumia vidole. Kamata mpini kawaida, kisha tazama nafasi iliyobaki kati ya ncha za vidole na shina la kiganja. Paingie kidole kimoja chembamba cha mkono wa pili. Vidole vikigusa kiganja, mpini ni mwembamba na utaukaba. Nafasi ikizidi vidole viwili, ni mnene na utakuponyoka. Wanawake wapiga kokoto ndio wanaoonewa zaidi hapa, maana karibu mipini yote inayoletwa imepimwa kwa kiganja cha mwanamme mkubwa. Dada mwenye mkono mdogo aanzie milimita 32 kwa 24.

Ninaouweka juu ya yote, na sifichi upendeleo wangu, ni wa Fiskars, ile kampuni ya Finland iliyoanza mwaka 1649. Nyundo zao za IsoCore zina kiini cha ndani kilichotengwa na ganda la nje, na katikati yake kitu laini kinachomeza mtikisiko kabla haujafika mkononi. Mpini una ubapa unaoonekana kwa macho na ngozi yake imetiwa mikwaruzo, kwa hiyo jasho la Kaskazi haliufanyi kuteleza. Kwa pigo zito la kutwa nzima sioni wa kuushinda. Ubaya wake ni kwamba hauchomolewi. Ukiuharibu, umepoteza nyundo yote. Tena ni wa kuagizwa, kwa hiyo unalipia nyundo na safari yake. Fundi anayelipwa kwa siku na kuishi kwa mkono wake, mimi namwambia akusanye pesa aununue.

Wa pili ni mpini wa hikori, mti wa Marekani unaopendwa duniani kote kwa mipini ya nyundo na mashoka, kwa sababu una nguvu na unanesa. Huuzwa peke yake au pamoja na nyundo za Stanley na wengineo, na mara nyingi hutoka kiwandani ukiwa na umbo la yai. Angalia mistari ya mti kwenye kitako: iende sambamba na upana mrefu wa yai. Ikikatiza kwa ubavu, mpini utavunjika chini ya kichwa. Kisha ukishaununua, ondoa vanishi. Vanishi inang'aa dukani, lakini ikikutana na jasho inateleza, na mpini unaoteleza ni wa kukaba tena. Ukwangue kwa msasa namba 80 mpaka mti uwe mtupu, upake mafuta ya linsidi, subiri dakika 20, futa yote yaliyobaki juu, kesho yake rudia. Kitambaa ulichofutia kitandaze nje kikauke. Usikikunje ukakitupa kwenye ndoo, kwani mafuta hayo yanapokauka hujitia joto na kitambaa kinaweza kuwaka chenyewe. Mafuta ya nazi hayafai kwa kazi hii, hayakauki ndani ya mti. Na sifa, yale mafuta ya papa, ibaki kwenye vyombo vya baharini, harufu yake haiondoki mikononi.

Wa tatu ni mpera wa kuchonga mwenyewe, na kwa nyundo ya mkono mmoja unakaribiana sana na hikori. Mpera ni mgumu, una nyuzi zilizoshikana, na kipande kilichonyooka cha sentimita 35 hakikosekani mtini. Usikichane kwa msumeno. Kipasue kwa shoka, ili nyuzi zifuatane toka mwanzo hadi mwisho. Menya gome, paka rangi au nta kwenye ncha mbili ili zisipasuke, kisha weka kivulini penye hewa miezi kadhaa. Hapo ndipo watu wanapokosa subira: mpini uliochongwa mbichi unasinyaa ndani ya jicho, lile tundu la kichwa unamoingia mpini, na kichwa kinalegea katika wiki za mwanzo. Ukikauka, uchonge na kuumalizia kwa tupa ya mbao. Kwa nyundo kubwa ya mikono miwili mpera haunyooki vya kutosha. Mvinje wengi wanaupenda kwa uzito wake, ila unapasuka sana unapokauka. Mwembe usiuguse.

Faiba yenye raba nyeusi na njano, zile za bei nafuu, sina mengi. Ganda la raba likiachana na kiini linazunguka lenyewe, na ukikosea pigo ukauchapa mpini chini ya kichwa, nyuzi za faiba zinachomoka na kuchoma mkono. Haitengenezeki.

Wa mwisho kabisa ni mpini wa bomba la chuma uliochomelewa kichwani. Hauvunjiki, na ndiyo maana unapendwa kwenye machimbo ya kokoto, lakini ni chuma juu ya chuma: kila pigo linafika kwenye mfupa. Tena moto wa kuchomelea unaharibu ugumu wa kichwa pale kwenye kiungo, panakuwa rahisi kupata ufa, na kichwa cha kilo mbili kikiruka hakichagui wa kumpiga. Kama ndio ulio nao leo, ubadilishe kabla ya kitu kingine chochote.

Kuna dawa moja ya mtaani ambayo inazidisha ugonjwa, nayo ni kufunga mpini kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mpira huo una unene wa milimita moja hivi. Ukiuzungusha kwa kupandisha nusu juu ya nusu zinakuwa tabaka mbili, na mpini unaongezeka milimita nne. Ubapa unafunikwa, yai linageuka duara. Ukitaka kufunga, kwanza punguza mti milimita moja kila upande, kisha funga bila kupandisha, kingo zigusane tu.

Na mwenye mpini mnene wa duara asiutupe. Wenye milimita 38 unaponyeka: chora mstari kwenye pande mbili zinazotazamana, zile za ubavuni mwa kichwa, ondoa milimita nne kila upande kwa randa au tupa, zungushia kingo kwa msasa. Utabaki na 38 kwa 30. Anza sentimita tano chini ya kichwa, usipunguze shingo.

Kichwa kikilegea, msizitie nyundo kwenye ndoo ya maji usiku kucha. Mti unavimba, unajiponda ndani ya jicho, ukikauka unalegea zaidi ya jana. Kichomoe kichwa, safisha, kisha ning'iniza nyundo kichwa kikiwa chini na ugonge kitako cha mpini: kichwa kitapanda chenyewe. Acha milimita tatu zitokeze juu, piga kabari ya mti mgumu kwenye ufa uliokatwa juu ya mpini, na ya chuma kwa mshazari.

Sasa wauzaji. Mipini inapakwa rangi nyekundu nzito kuficha vifundo na mistari iliyokaa vibaya, inafungwa nailoni, na ukiomba kuishika unaambiwa ununue kwanza. Bei ikiulizwa sababu ni nauli ya kuvusha kutoka Dar, hata kwa mpini uliochongwa hapa hapa kisiwani. Baya zaidi ni wale wasiokubali kuuza mpini bila kichwa, wakati kichwa kizuri cha chuma kinamzika mwenyewe na mpini ndio unaokwisha. Usikubali. Kata kipande cha boksi kiingie barabara kwenye jicho la nyundo yako, kwa juu na kwa chini, maana matundu hayo mawili mara nyingi hayalingani. Andika juu yake upana unaoutaka wa mpini, nenda nacho dukani Darajani, Mwanakwerekwe au Chake Chake, na uchague kwa kukipitisha mpini mmoja mmoja. Asiyekuruhusu kufungua nailoni, mwachie mpini wake.