Helmeti ya taya linalofunuka: miezi minane kichwani

Mimi navaa miwani, na ndiyo sababu ya kununua helmeti ya pikipiki ambayo taya lake, ile sehemu ya mbele ya kidevuni, hufunuka kwenda juu. Zile zisizofunuka zilinichosha: vua miwani, vaa helmeti, kisha ichomeke miwani upya huku ukipapasa masikio yako. Hii nafunua kwa kidole gumba, hata nikiwa na glavu.

Dukani muuzaji alinisifia rangi. Mimi niligeuza mkanda wa kidevuni kutafuta kitambaa kidogo kilichoshonwa hapo. Nikakuta herufi E ndani ya duara pamoja na namba 3, yaani iliidhinishwa Italia, halafu tarakimu zinazoanza na 06. Hizo 06 ni marekebisho mapya ya Kanuni namba 22 ya Umoja wa Mataifa kuhusu helmeti, yaliyoanza kutumika 2021. Yameongeza kipimo cha jinsi kichwa kinavyozungushwa helmeti inapogonga kwa mshazari. Na ndivyo tunavyoanguka wengi wetu. Nani huangukia utosi?

Baada ya tarakimu hizo zipo herufi P/J, na hapa nina donda langu. Helmeti yangu ya zamani nayo ilifunuka, na kwa nje ilionekana ngome. Kitambaa chake kilisema NP: taya lipo, lakini halikuidhinishwa kukinga kidevu. Miaka mitatu nimetembea na pambo! Askari wa barabarani hutazama tu kama umevaa, hayo mengine ni yako. P/J maana yake imepimwa taya likiwa limefungwa na likiwa wazi, zote mbili ikafaulu.

Sasa lawama. Ni nzito, gramu 1,750 kwenye mizani ya nyumbani, na baada ya saa mbili shingo inajua. Upepo hupiga mluzi kwenye bawaba. Mvua ikinyesha kioo hushika ukungu hadi nikiachie upenyo kidogo. Kifungo ni cha menomeno, chepesi kufunga, ila mkanda hulegea wenyewe taratibu. Kila baada ya wiki chache naukaza upya mpaka pasipite zaidi ya vidole viwili chini ya kidevu.

Vibano vya mashavuni vilinibana siku za kwanza hadi nikataka kuirudisha. Vikalainika. Kwa hiyo ukiipima ikakaa kwa raha palepale dukani, shuka saizi moja.

Ya mtumba sinunui. Povu jeupe la ndani hunyonya pigo kwa kubonyea, na likishabonyea halirudi. Nitajuaje kama mwenyewe hakuanguka nayo?

Mke wangu ameijaribu, ikamzunguka kichwani kama sufuria. Kichwa chake sentimita 55, changu 58. Yake tunaitafuta Jumamosi, na tayari anajua aanze kugeuza wapi.