TAHADHARI: Vyeti bandia vya historia ya Land Rover za zamani, Tabora na Kigoma

Ndugu zangu mnaomiliki Land Rover za zamani, hasa zile tulizorithi kwa wazee, jihadharini na mtu anayezunguka kwenye gereji za Tabora, na ambaye sasa nasikia ameonekana Kigoma, akijinadi kuwa anatafuta kumbukumbu za kiwandani na jina la wakala wa kwanza aliyeuza gari. Mimi alinitoza shilingi 380,000 kwa cheti cha kurasa mbili ambacho sina shaka alikitunga mwenyewe.

Gari ni la marehemu baba, toleo la Series IIA, lile refu la inchi 109 (umbali kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma). Nilitaka kujua lilitoka kiwanda cha Solihull, Uingereza, lini na lilipokelewa na nani, kwa sababu mnunuzi mmoja wa Arusha aliahidi kuongeza bei iwapo historia yake ingethibitishwa. Jamaa huyu hakuomba kadi wala hakufungua boneti; alinakili namba ya usajili tu, akapokea pesa zote, na baada ya siku tisa akaleta cheti chenye nembo na muhuri.

Kinasema gari lilikamilika Machi 1963 na kupelekwa kwa wakala wa “Dar es Salaam, Tanzania”, na kinadai kwamba maneno hayo yamenakiliwa yalivyo kutoka daftari la kiwanda la mwaka huo. Mwaka 1963 nchi hii ilikuwa Tanganyika. Muungano ni wa Aprili 1964, na jina la Tanzania lilikuja Oktoba mwaka huohuo. Karani wa Solihull hakuwa mtabiri.

Hapo ndipo nilipomwita fundi. Katika gari hizi namba ya chasisi imegongwa kwenye ncha ya mbele ya chasisi, upande wa kulia, pale springi inapofungwa, na kwetu sehemu hiyo ilikuwa imegandamana grisi na vumbi la miaka mingi. Tuliisugua kwa mafuta ya taa na brashi ya waya karibu nusu saa hadi tarakimu za mwanzo zikajitokeza: 252. Cheti kina namba inayoanza na 244. Kwa Series IIA, 252 ni inchi 109 ya petroli, usukani wa kulia, iliyotengenezwa kwa soko la nje. 244 ni inchi 88, usukani wa kushoto. Nimeuziwa, basi, historia ya gari fupi ambalo baba asingeweza kupakia marobota yake ya tumbaku kutoka Urambo.

Kumbukumbu halisi za kiwanda za Land Rover za miaka hiyo zimehifadhiwa British Motor Museum, Gaydon, Uingereza, na mwenye gari huomba cheti mwenyewe kwa intaneti, bila dalali. Hutafutwa kwa namba ya chasisi, na cheti hutaja tarehe ya kutengenezwa, namba ya injini ya awali, rangi, na wakala au mahali gari lilikopelekwa. Anayesema namba ya usajili inamtosha hana anachokwenda kutafuta.

Simu yake haipatikani tena. Taarifa nimekwisha kuiandikisha polisi hapa Tabora. Aliye na cheti chenye muhuri wa zambarau uliochapwa kwa printa, ambao haufutiki hata ukiusugua kwa kidole kilicholowa, akipeleke hapohapo pamoja na ujumbe wa malipo.