Kisanduku cha rangi 12 cha Cotman, kwa anayekaa ugenini peke yake

Jumapili ya ugenini huwa ndefu. Kazi hakuna, wa kupiga naye soga hakuna, na simu ukishaiperuza saa mbili macho yanauma. Kisanduku kidogo cha rangi za maji cha Cotman, kinachotengenezwa na Winsor & Newton, kinafaa saa kama hizo kwa sababu kinaingia mfukoni mwa koti na hakidai mwenzi, umeme wala lugha ya wenyeji. Tena kinakupa sababu ya kukaa benchi moja saa nzima bila kuonekana umepotea.

Ndani mna vibonge 12 vya rangi kavu na brashi moja fupi. Kifuniko ukikifungua ndicho sahani ya kuchanganyia.

Cotman ni daraja la wanafunzi. Ukiona neno Hue baada ya jina, kama Cobalt Blue Hue, ujue si kobalti yenyewe bali rangi nafuu iliyotengenezwa ifanane nayo. Kwa michoro ya daftari hilo si tatizo. Kinachokera ni kibonge cha Chinese White. Kwenye rangi za maji, weupe ni karatasi uliyoiacha wazi. Nyeupe ukiichanganya na rangi nyingine unapata uji wa maziwa. Ing'oe, na mahali pake weka kikasha kitupu cha kibonge ulichokijaza rangi ya tyubu na kuiacha ikauke siku mbili. Viridian nayo ikipakwa peke yake hutoa kijani cha plastiki, lakini ukiitia Burnt Sienna, ile kahawia yenye wekundu, kidogo inakuwa majani ya mti. Uti wa mgongo wa kisanduku hiki ni Ultramarine, ambayo ni bluu, na Burnt Sienna: bluu ikizidi unapata kijivu cha mawingu, zikilingana na maji yakiwa machache unapata karibu nyeusi. Kuta, lami, vivuli na mapaa ya mji wowote hutoka humo.

Brashi iliyomo inatosha madirisha na matawi. Kwa anga ni bure kabisa: haibebi maji ya kutosha, kwa hiyo mpako wa kwanza hukauka kabla hujafika upande wa pili na michirizi inabaki. Nunua nyingine ya mviringo namba 8, ya nyuzi za sintetiki.

Pesa kubwa, hata hivyo, iende kwenye karatasi. Wengi hulaumu rangi kumbe kosa ni la karatasi. Tafuta iliyoandikwa gramu 300 kwa mita ya mraba. Chini ya gramu 200 hujikunja ikilowa, maji yanatuama mabondeni na kuacha madoa. Ya printa hunywa maji papo hapo na kuchubuka. Ukubwa wa sentimita 10 kwa 15 unamalizika kwa dakika 40 hadi 60, kabla makalio hayajachoka.

Anza kwa kudondoshea kila kibonge utakachotumia matone mawili ya maji, usubiri dakika mbili kilainike. Ukikisugua kikavu unaiua brashi. Chora kwa penseli maumbo makubwa tu. Paka rangi hafifu kwanza, nzito mwisho, na uichanganye kali kuliko unavyotaka, maana ikikauka hupauka. Hapo katikati ndipo wengi huharibu: rangi ingali nusu mbichi, wanarudi na brashi yenye maji kurekebisha, maji yanaisukuma rangi pembeni na kuacha doa lenye kingo kama koliflawa. Ama rekebisha ikiwa bado inang'aa kwa maji, ama subiri ikauke kabisa. Kwenye baridi kusubiri huko ni kurefu. Rangi tatu au zaidi zikikutana ovyo zinakuwa tope.

Jioni chumbani kuna shida ya taa. Balbu ya mwanga wa njano huifanya rangi ya njano isionekane vizuri kwenye karatasi nyeupe, unaizidisha, asubuhi unashtuka. Tumia balbu ya mwanga mweupe, au jioni ziwe za jedwali la michanganyiko: ukiitoa nyeupe zinabaki rangi 11, yaani jozi 55, na hiyo ni kazi ya jioni tatu au nne inayofundisha kuliko michoro 20 ya kubahatisha.

Ukienda makumbusho uliza mlangoni kwanza, kwani mengi huruhusu penseli tu. Kwenye meza ya nyumba ya kupanga tandika gazeti. Ukimaliza, futa kifuniko na ukiache wazi usiku kucha, kwa sababu kisanduku kikifungwa kibichi huota kuvu.