Session 9 au Shutter Island: ipi ya usiku wa leo?

Ubishi huu hauishi pale Kirumba, Mwanza: ukitaka filamu ya kutisha ya hospitali ya wagonjwa wa akili, uchukue ipi?

Kwa bando, Session 9 (2001) inashinda: dakika 100. Shutter Island (2010) ina 138, na umeme ukikatika katikati umeumia.

Kutisha ndipo penye kazi. Session 9 ilirekodiwa kwenye hospitali halisi iliyotelekezwa, Danvers kule Massachusetts. Mafundi wanaondoa asbesto, mmoja anakuta kanda za mahojiano ya mgonjwa, anaanza kuzisikiliza kwa siri. Sauti tu, lakini mwili unasisimka! Kelele za banda umiza (kibanda cha kuonyeshea filamu) zinaiua kabisa. Huko Scorsese, mwongozaji wa Shutter Island, anafaa zaidi: dhoruba, kisiwa, DiCaprio anahaha, na hata tafsiri ya DJ haiharibu sana. (Mtu wa Ukerewe aliyewahi kukwama kwa kukosa kivuko ataielewa haraka.)

Kurudia? Shutter Island. Ukishajua mwisho, unaanza kuona walinzi walivyokuwa wanamkodolea macho tangu gatini.

Uko peke yako geto Nyegezi na hedifoni, weka Session 9. Mko wengi sebuleni, na mama mdogo hachoki kuuliza "huyu nani tena?", wekeni Shutter Island.